Fizikia ya Mpemba

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba mwanafunzi anayemhoji mwalimu ni mkaidi au ndiye anayejifunza, limenikuta nasahihisha madaftari ya Fizikia ya kidato cha pili hapa Temeke. Nimeweka kalamu chini nijibu.

Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini ya moto yametangulia kuganda, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza swali lile lile; mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likapata la kumtania. Siku Denis Osborne, mhadhiri wa chuo kikuu hapa Dar, alipowatembelea, Mpemba akasimama akauliza tena. Wenzake wakacheka.

Mimi namheshimu Osborne sawa na Mpemba. Naye hakuamini, ila alirudi Dar akaagiza jambo hilo lipimwe maabara. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Shaka ya kijiweni, ya kubishia kila kitu na kuondoka, haina kazi hiyo ya kupima, ndiyo maana hainishtui.

Na maswali hayajaisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden, Uingereza, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hufikia ubaridi wa kuganda kabla ya maji ya baridi.

Mwaka jana kijana mmoja darasani kwangu alikataa kabisa habari ya Mpemba. Kusema kweli iliniuma, maana naipenda hadithi ile. Nikamwambia apime nyumbani, mama yake ana friza ya barafu za ukwaju. Akarudi na daftari: vikombe viwili vya bati, maji ya ndoo na maji ya birika, kipimo kimoja. Mara tatu ya ndoo yaliganda kwanza. Mstari wa nne aliandika, "Umeme umekatika saa mbili usiku. Sihesabu." Mstari ule niliusomea darasa zima.

Nikamuuliza, basi Mpemba alikosea?

"Bado, mwalimu. Sisi tumegandisha maji. Yeye alianza na maziwa."

Wiki iliyofuata nilimnunulia lita moja.