Boti ngapi za doria: hesabu au manahodha?

Kaka, umeuliza BMU yenu (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ufukweni) hapo Tanga inunue boti ngapi za kuzuia uvuvi wa baruti, na umwamini nani: hesabu au manahodha wazee. Anza na hesabu. Wanamaji hukadiria meli tatu ili moja iwe baharini daima. Ya pili iko matengenezoni, ya tatu inajiandaa. Na hesabu huweza kuwashinda wazoefu: mwaka 1943, wakati wa vita, mwanafizikia Mwingereza Patrick Blackett alionyesha kwa takwimu kwamba misafara mikubwa ya meli hupata hasara ndogo kwa uwiano, ilhali wakuu wa majini Uingereza waliamini kinyume.

Lakini hesabu haijui upepo wa kusi ukichafuka. Hapo waulize manahodha, kila mmoja peke yake, maana mbele ya mzee vijana watanyamaza. Wasomee majibu yote bila majina, kisha uwaulize tena.