Kabla ya Kununua Mirija-Nano ya Kaboni, Uliza Ni Mrija Upi

Wanafunzi wa fizikia ninaowasaidia hapa Kisumu katika miradi yao ya mwaka wa mwisho huja wakiwa wameshaamini kwamba mirija-nano ya kaboni, yaani vibomba vyembamba mno vya tabaka la atomi za kaboni lililokunjwa, hupitisha umeme kama metali. Mingine hupitisha, mingine la, na ushauri wangu ni kwamba mradi usianze kabla ya jambo hilo kueleweka.

Kabla ya hesabu yoyote huwapa kipande cha waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita, wakikunje wenyewe. Waya uleule, ukikunjwa kwa urefu, kwa upana au kimshazari, hutoa mrija wenye mpangilio tofauti wa matundu, na tabaka la kaboni liko hivyo hivyo. Mpangilio huandikwa kwa namba mbili, n na m, zinazoonyesha jinsi tabaka lilivyokunjwa: tofauti yake ikigawanyika kwa 3 bila baki, mrija ni wa kimetali, isipogawanyika, ni nusu-kipitishi, yaani hupitisha umeme katika hali fulani tu. Hivyo (10,10) ni metali na (10,0) si metali, ilhali yote miwili ni kaboni tupu. Wananadharia walilitabiri hilo mwaka 1992, na vipimo vikalithibitisha mwaka 1998. Katika mirija ya nusu-kipitishi, pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni huhitaji ili ianze kubeba mkondo, hupungua kadiri kipenyo kinavyoongezeka. Kwa kipenyo cha nanomita 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita) ni takriban elektroni-volti 0.8, kipimo cha nishati ya elektroni.

Unga wa mirija ya ukuta mmoja (ya tabaka moja tu) usiochambuliwa huwa na takriban theluthi moja ya mirija ya kimetali. Anayetaka kuunda transista, swichi ndogo ya umeme, ataona haizimiki, kwa kuwa mirija hiyo huendelea kupitisha mkondo, na kuichambua si kazi ya maabara zetu nyingi. Kwa hiyo huwaelekeza kwenye kitambuzi cha gesi, ambacho huvumilia mchanganyiko. Paka wino wa mirija kwenye kioo, kati ya mistari miwili ya rangi ya fedha inayopitisha umeme, unganisha multimita, kisha sogeza pamba yenye amonia: ukinzani utapanda, kwa sababu oksijeni ya hewani huifanya mirija ibebe umeme kwa nafasi zilizoachwa na elektroni, nayo amonia huzijaza. Kurudi chini huchukua muda, kwa hiyo usiharakishe kipimo kinachofuata.

Unga mkavu usipeperushwe, vaa barakoa. Na katika ripoti usiandike kwamba umepima ukinzani wa mrija, maana sehemu kubwa ya namba unayoisoma hutoka pale mirija inapogusana.