Shela langu lilitoa vigauni 11

Dada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama ni kweli huku Uingereza watu wanatoa mashela yao ya harusi yakashonwe nguo za kuzikia watoto waliofia tumboni, na kama kufanya hivyo si kujitafutia mkosi kwenye ndoa. La kwanza ni kweli, mimi ni mmoja wa wanaoshona. La pili nitalifikia, ila kwanza uzijue hizo nguo zenyewe, maana wengi wanadhani ni urembo tu.

Mtoto wa mimba ya wiki 24 ana urefu wa rula ya shule, na uzito wake haufiki robo tatu ya kilo. Ingia duka lolote la nguo za watoto, hata kwenye zile za njiti: zitampwaya kama kanzu ya babu. Sasa mfikirie mama aliyetoka kwenye uchungu, amewekewa mtoto wake mikononi, na nguo aliyoiandaa inammeza mzima, mikono haionekani. Shida tunayoitatua ni hiyo ya kipimo. Shela linatumika kwa sababu lina kitambaa kingi, kizuri, na mwenyewe hatalivaa tena.

Ushonaji wake una masharti yake. Mgongo unaachwa wazi wote, unafungwa kwa utepe, kwa sababu mtoto aliyekaa tumboni siku kadhaa baada ya kufariki ngozi yake inachubuka hata kwa kuguswa. Huwezi kumvisha kwa kupitisha kichwani wala kuulazimisha mkono kwenye tundu dogo. Ndani inatangulia bitana laini, satini na lesi zinabaki nje. Shanga zote zinafumuliwa, maana zinagandamiza. Zile fimbo za kubana kifua, zipu, vikombe vya matiti, vyote kapuni. Watu wanakuja na gauni la shanga tupu wakidhani wametuletea dhahabu, kumbe sisi tunatazama sketi. Mkia mrefu ndiyo mali.

Walio chini ya wiki 20 hatuwashonei gauni, tunawashonea kifuko, kama bahasha ya kitambaa yenye ukingo wa lesi, mtoto analazwa ndani. Hapa kisheria mtoto aliyezaliwa mfu anaandikishwa kuanzia wiki 24. Wa chini ya hapo hakuwa na karatasi yoyote ya serikali, mpaka Februari 2024 ilipoanza kutolewa hati ya hiari kwa walioko England. Kabla ya hapo kuna wazazi walioondoka hospitali na picha na kipande cha kitambaa, basi.

Kwa nini niliingia huko? Mwaka 2011, nikiwa bado Dar, nilijifungua mtoto wa kiume wa miezi saba, ameshafariki. Hospitali siitaji. Nilisikia tu muuguzi akimuuliza dada yangu, "Mmekuja na khanga?" Wakamfunga kwenye khanga ya dada, ile aliyojifunika kwenye daladala asubuhi, shangazi na wazee wawili wakaenda kumzika mimi nikiwa bado wodini. Sikuuona uso wake. Jioni nilipouliza alifanana na nani, shangazi akaniambia, "Yameisha hayo mwanangu, utazaa mwingine." Simlaumu, naye alifundwa hivyo. Wala khanga haina kosa, kwetu mtoto hupokelewa kwa khanga. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyenipa hata dakika tano. Maneno ya ile khanga nayajua mpaka leo, na sitayaandika hapa.

Halafu nikaja Leicester, huku Uingereza, mfanyakazi mwenzangu akapoteza mtoto, nikaenda kumwona. Mtoto alikuwa bado yupo chumbani naye, siku ya pili, kwenye kitanda kidogo chenye godoro la baridi. Hospitali nyingi huku wanavyo, ili wazazi wasiharakishwe. Alikuwa amevaa kigauni cheupe kilichomkaa sawasawa, na kikofia. Nikamuuliza mkunga nguo imetoka wapi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa na wanawake wa Kiingereza wa umri wa mama yangu, nafumua zipu.

Haya, mkosi. Shela langu lilikaa kwenye begi juu ya kabati miaka saba, likahama nyumba tatu bila kufunguliwa. Nilipomwambia mume wangu nataka kulitoa akaniuliza, "Ndoa ni mimi na wewe, au ni hilo begi?" Tuko naye bado. Mama mkwe alinuna kwenye simu, akasema nguo ya furaha haiendi kaburini. Nilimjibu kwamba mjukuu wake mmoja alikwenda na khanga ya daladala. Hakurudia tena. Sitakwambia uzidharau imani za wazee wako, lakini kama unaogopa, usitoe kwa kujikaza. Hakuna anayekudai.

Ukiamua, uliza kwanza kabla ya kupeleka posta. Vikundi vingi vina mashela kuliko mikono ya kushona. Sisi tuliwahi kusimamisha kupokea, gereji ya mwenyekiti ilijaa mpaka gari lake likawa linalala nje. Kinachokosekana ni utepe, flaneli ya blanketi, nauli ya posta, na watu wa kufumua tu, kazi ambayo haihitaji ufundi. Likishakatwa halirudi, na hutaambiwa lilikwenda kwa mtoto gani. Na jamani, la kukodi si lako (nacheka, lakini imeshatokea mtu akauliza). Kwa aliyeko Texas, Marekani, ulizeni shirika la NICU Helping Hands la Fort Worth, mpango wao unaitwa Angel Gown. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyefiwa, na si shela linalokusumbua, huku kuna Sands, shirika la waliofiwa na watoto wachanga, wapo tangu 1978 na wanapokea simu za wazazi.

Kuna aliyegusia Waislamu, kama nguo hizi zinawahusu. Rafiki yangu wa Zanzibar alitoa shela lake akijua kabisa mtoto wa nyumbani kwake hatavishwa lesi. Mtoto aliyetimiza miezi minne kwao huoshwa na kukafiniwa kwa sanda nyeupe isiyo na pambo. Yeye ndiye aliyetufundisha kukata vipande vyeupe vya pamba, bila mshono, tukavipeleka pamoja na vigauni. Wakunga wakasema hivyo ndivyo walivyokuwa wakivitafuta muda mrefu.

Nilijaribu kupeleka na nyumbani, mwaka 2019, vigauni 20 kwenye sanduku. Muuguzi mkuu wa wodi aliviangalia kimoja kimoja, akavisifia, akachukua vinne tu. "Dada, hapa akina mama hawamwoni mtoto," akaniambia. "Nitamvalisha nani nimwonyeshe nani?" Vilivyobaki nilirudi navyo Leicester. Miezi mitatu baadaye akanitumia ujumbe: viwili vimetumika, mama mmoja aliomba afunge utepe mwenyewe, na kama naja tena nilete vifuko, si magauni.

Shela langu lilitoa vigauni 11 na vifuko sita. Ukilipeleka la kwako, kata kwanza kipande kidogo upande wa ndani wa pindo, ubaki nacho. Mimi nilisahau.