Usikaze "kla": neno refu la Kiholanzi lilivyonikosesha nyumba

Mkuu, acha hiyo kitu leo leo. Umeuliza programu gani ya simu inafaa kujifunzia Kiholanzi na lini utumie "de" au "het", vile vineno vinavyotangulia nomino zao, lakini mimi nimekwama pale uliposema maneno marefu, kama arbeidsongeschiktheidsverzekering, unayakata silabi, kisha unakaza ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Nilifanya hivyo hivyo nikakosa nyumba.

Ilikuwa Rotterdam. Dalali kapiga simu: nyumba ni yangu, ila kesho kabla ya saa sita nipeleke verhuurdersverklaring. Sikio langu likatua lilipozoea, kwenye "kla". Barua ya mwajiri ninayo, werkgeversverklaring, nikaipeleka nikiwa nimenyoosha shati kabisa. Kumbe anataka ya mwenye nyumba ninakotoka! Hebu tazama: werk-ge-vers-ver-kla-ring, ver-huur-ders-ver-kla-ring. Silabi sita sita, tatu za mwisho zile zile. Tofauti yote iko mbele, na huko ndiko Mholanzi anakokaza: WERK, HUUR. Mpaka naipata barua yenyewe, nyumba kachukua mwingine. Miezi minne nikalala kwenye sofa la rafiki. Msicheke, nanyi mngesikia "kla" hiyo hiyo.

Mwalimu wangu wa kwanza ndiye aliyenipoteza: "Gawa silabi tu, utafika." Nifike wapi? Silabi hazikuonyeshi neno limeungwa wapi. Valkuil ukiikata val-kuil ni shimo la mtego. Ukiikata valk-uil umebaki na kipanga na bundi.

Kata maneno kwanza, silabi baadaye. Sisi tunasema "barua ya mwajiri", kitu chenyewe kinatangulia. Wao wanageuza: mwajiri mbele, barua nyuma, na mkazo mkuu unakaa kwenye neno la mbele. Lile arbeidsongeschiktheidsverzekering lako lina silabi 10, lakini ni arbeid, ongeschiktheid na verzekering, zimegandishwa kwa "s" mbili. Bima ya asiyeweza tena kufanya kazi. Kaza AR, mengine yatafuata. Neno la mbele likianza na ver- au ge-, ruka hicho kipande, ndiyo maana ni verHUURders. Wapo wakaidi, kama stadhuis inayokazwa kwenye huis, hao utawazoea.

Leo jioni toa barua zote za manispaa ulizonazo, zungushia kalamu neno la mbele la kila neno refu, ulisome kwa sauti. Na dalali akipiga, mwambie arudie mwanzo wa neno, hata mara tatu.