Urojo umeuacha, sare umeibakisha

"Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nina miaka 36. Naishi Fuoni na mume wangu na watoto watatu, nyumba ya kupanga. Tuna kiwanja Bumbwisudi, msingi umeshatoka, matofali ya kuta hatuna. Iddi ilipomalizika, Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani), mume wangu aliniambia pesa zangu zinaishia kwenye israfu ndogo ndogo. Nikaona ana haki, nikaacha kila kitu. Urojo wa kila siku nikitoka kazini (2,500), boda ya kutoka kituoni mpaka nyumbani (1,500), udi na asumini (30,000 kwa mwezi), saluni (20,000) na bando la kuangalia tamthilia (12,000). Kwa siku 22 za kazi nimepata jumla ya 150,000 kila mwezi. Huu ni mwezi wa tisa na sijanunua tofali hata moja. Mwezi uliopita ndio kabisa. Tulikuwa na harusi mbili na arobaini, sare, fundi, michango na zawadi ya mtoto zikanitoka 280,000, nikamkopa shoga yangu laki moja. Bando silikumbuki tena, na boda nimeshaizoea kuikosa. Lakini udi, Shangazi! Nikipita mlangoni kwa watu Alhamisi usiku nikasikia harufu yake, machozi hunilenga. Na mume wangu siku hizi anauliza mbona nyumba hainukii. Wiki iliyopita nilikwenda Darajani kununua soksi za watoto, nikarudi na vitu vya 90,000 vyangu mwenyewe, nikavificha chini ya kitanda. Mimi ni mtu wa namna gani? Mwalimu, Fuoni."

Waalaykumu ssalaam, mwalimu.

Kabla ya yote, vitoe hivyo vitu chini ya kitanda uvitumie. Vimeshalipiwa.

Barua yako nimeisoma kalamu mkononi, na jambo lenyewe nimelikuta kwenye sentensi uliyoipita mbio. Urojo umeuandikia bei, boda umeiandikia bei, mpaka bando la tamthilia. Kisha harusi mbili na arobaini ukazifunga fungu moja ukaendelea na safari, na humo ndimo pesa zilimo. Mwezi mzima umejinyima 150,000. Shughuli za mwezi huohuo zimezila zote na kutaka 130,000 nyengine juu yake. Ile laki ya shoga yako haikununua anasa yoyote. Imenunua sare.

Unauliza pesa zinakwenda wapi. Ule urojo usioula Jumatatu, 2,500 zake zilibaki mkobani. Jumatano ukapita mchango wa mgonjwa, ukatoa humo humo. Ijumaa wakaja na kitambaa, ukalipa nusu, humo humo. Pesa iliyookolewa bila ya kupelekwa mahali ni pesa ya yeyote atakayebisha hodi mwanzo, na kwetu hapa hodi hazikatiki. Ungekuwa unaitoa 150,000 siku ile ile mshahara unapoingia, ukaiweka pahala ambapo kuifikia ni usumbufu, saa hizi ungekuwa na 1,350,000. Hizo zinanunua matofali ya kuonekana, si ya kusimulia.

Sasa hilo la Darajani, ambalo naona ndilo linalokuuma kuliko nyumba. Wewe hukubadilisha matumizi yako, ulifunga. Na anayefunga hata awe mcha Mungu kiasi gani, jua likianza kuchwa jicho lake liko kwenye futari. Siku ile Darajani ulifuturu, basi. Kila Ramadhani tunaliona hilo: mtu mwenye vikombe vitano vya chai kwa siku anakaa bila ya chai mchana kutwa, kufika siku ya nne kichwa hakimuumi tena, na Iddi mosi asubuhi yuko kwenye kikombe cha tatu. Alijua lini itakwisha, kwa hivyo hakuacha, alisubiri. Nawe ulijiwekea mfungo usio na mwezi wa kuandama.

Lakini hii miezi tisa haikupotea bure. Imekuchagulia, na uzuri ni kwamba jibu umeliandika mwenyewe bila ya kujua. Bando hulikumbuki: basi hiyo haikuwa starehe, ulikuwa mkono umezoea simu, na usilirudishe. Boda umezoea kuikosa, vizuri, tembea. Ila zikija mvua za Masika na una madaftari ya darasa zima kifuani, panda, na usijihesabie kosa. Saluni hukuitaja tena baada ya kuiandikia bei, kwa hiyo nadhani hata nywele zako hazijalalamika.

Urojo nataka kuusemea kidogo. Mwalimu anatoka skuli mchana, ana njaa, na nyumbani kuna sufuria inayomngojea yeye ndiye aipike. Bakuli moja la moto, bajia, kachiri, mbatata, pilipili ya kutosha, na robo saa ya kukaa na walimu wenzake bila ya mtoto kumwita. Mie sikiiti hicho kitu israfu. Lakini kila siku ni 55,000 kwa mwezi, na nina hakika siku ya tano huwa huisikii hata ladha yake. Chagua siku moja, Alhamisi ni nzuri, ule mpaka mwisho wa bakuli. Itakugharimu 10,000 au 12,500 kwa mwezi. Siku nyengine chukua kitu kutoka nyumbani, usitoke skuli na tumbo tupu, maana njaa hainunui kwa hesabu.

Udi urudishe, na uurudishe wiki hii.

Najua wapo wasomaji watakaonishangaa. Jambo linalomtoa mtu machozi mlangoni kwa watu baada ya miezi tisa ni lake, na ukimnyima atakwenda kulilipa mara tatu mahali pengine, kama ulivyolipa. Kinachoweza kubadilika ni namna ya kuupata. Hizo 30,000 ulikuwa unanunua vikopo vilivyotengenezwa tayari, na asumini ya kila wiki. Pika udi wa sukari mwenyewe: sukari inayeyuka jikoni, unatia udi uliotwangwa na mafuta mazuri, ukipoa unaukatakata na kuufunga kwenye mkebe usiopitisha hewa. Mkishirikiana wanawake watatu kununua vitu vyake, mkebe mmoja utakaa nawe muda mrefu kwa sehemu ya zile pesa. Na usifukize kila magharibi. Kaa na chetezo usiku wa kuamkia Ijumaa, na siku nyengine unayoijua mwenyewe. Asumini, mwombe jirani mwenye mti, nawe siku nyengine umpelekee sahani.

Kwa mume wako sina mengi. Aliiita israfu, kisha anauliza mbona nyumba hainukii. Mweleze kwa upole kwamba harufu nayo ilikuwa na bei. Na kama mnajenga pamoja, basi daftari liwe la wawili: soda zake, boda zake, bando lake la kuangalia mpira. Sisemi aache. Nasema ziandikwe, kwa sababu haya ya kuhesabu matumizi ya mke peke yake tumeyazoea mno na hayajengi nyumba.

Tuje kwenye sare sasa.

Hebu fungua kabati uhesabu magauni uliyoyavaa mara moja. Najua yamo, na najua huwezi kuyavaa tena kwa sababu kila mtu anajua ni ya harusi ya nani. Sare ilianza kwa mapenzi, watu wa nyumba moja wajulikane. Siku hizi mkesha wa hina una sare yake, kuingia harusi kuna sare yake, na siku ya tatu wanakuja na khanga. Kitambaa kinachaguliwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu mmoja mwenye mume anayefanya biashara, na wengine arubaini wanaandika "mashaallah" huku wanatafuta wa kumkopa. Nakuhakikishia, mwalimu, katika hao arubaini wako wengi wanaoomba usiku na mchana atokee mtu mwengine awe wa mwanzo kukataa.

Wagawe watu wako. Dada zako wa tumbo moja, watoto wa ndugu zako, mawifi wa karibu: hapo vaa sare, moja, si ya kila usiku. Majirani, walimu wenzako, shoga wa shoga: toa mchango unaouweza na uende na nguo yako safi. Na kitu kinachofunga midomo kuliko gauni lolote ni kutangulia. Nenda mapema, kaa chini na wanaochambua mchele na kumenya mbatata, baki mpaka masufuria yaoshwe. Mwenye shughuli huwa hakumbuki nani alivaa nini, lakini aliyekuwa jikoni tangu asubuhi anamkumbuka mpaka anazeeka. Atatokea mmoja atakayesema, "Fulani siku hizi amekuwa mbakhili." Atasema, na hakuna la kufanya. Hata ungevaa angepata la kusema kuhusu mshono.

Namna ya kukataa ina muda wake. Ukikataa kitambaa kimeshakatwa umemtia mwenzio hasara, na hapo lawama ni yako kwa haki. Ukisema mapema ni maneno mawili tu: "Shoga, harusi yako naja na mikono yangu miwili. Sare mwaka huu sishoni, tunajenga." Usizidishe. Ukianza kueleza bei ya saruji utaonekana unaomba kushawishiwa.

Na shughuli hazikuvamii kama unavyodhani. Sisi huoza kwa mwezi wa kuandama: Rajabu na Shaabani kila mtu anakimbilia kabla ya Ramadhani, na Mfungo Mosi wanaanza tena. Mshahara wako unakuja kwa kalenda ya ukutani, na miezi hii yetu kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, ndiyo maana mwaka mmoja harusi zinaangukia wakati una pesa na mwaka mwengine zinaangukia wakati wa kununua madaftari na viatu vya skuli. Kaa na mumeo mpange ya mwaka mzima, kiasi fulani cha shughuli zote, mkitie mbali na pesa za nyumba. Kikimalizika kimemalizika, anayefuata atapata dua na mikono. Kwetu Pemba tunayajua haya kwa karafuu. Pesa inakuja kwa msimu, na asiyeigawa siku ile ile aliyolipwa, mwezi wa pili yuko dukani anaandikisha deni la unga.

Deni la shoga yako lilipe kwanza kabla ya tofali lolote. Ukimchelewesha utapoteza kitu ambacho hukijengi kwa mwezi mmoja.

Likishalipwa, ingia kwenye upatu. Wanawake kumi, 100,000 kila mmoja, ni milioni moja mkononi ikifika zamu yako. Wewe unayejijua pesa haikai mkobani, omba zamu ya mwisho mwisho. Anayepokea mwanzo huwa amekopeshwa na wenzake, anayepokea mwisho ndiye aliyeweka akiba. Ingia na watu unaowajua kwao, si wa mtandaoni. Na siku ya kupokea usirudi nazo Fuoni. Toka pale pale uende kwa mwenye matofali, lipia, yapelekwe Bumbwisudi siku ile ile, na mumeo awe kiwanjani kuyapokea na kuyahesabu. Tofali likishashuka kwenye gari hakuna wifi wa kukuomba ulibadilishe liwe kitambaa.

Hesabu yako mpya basi: udi wa nyumbani tuseme 10,000, urojo wa Alhamisi 12,500, boda za siku za mvua weka 7,500. Ni 30,000. Bado unabaki na 120,000 kati ya zile 150,000, laki ya upatu na 20,000 za kapu la shughuli. Na hapo sijagusa sare uliyokuwa ushone.

Leo tuko Mfungo Tisa, mwalimu. Rajabu iko mlangoni, na sidhani kama kundi lenu la WhatsApp halijaanza kupitisha picha za vitambaa. Ujumbe wako upeleke usiku huu.