Kuchaji pikipiki ya umeme siku ya kozi uwanjani: anza na soketi

Kabla hujalipia nafasi kwenye kozi ya uendeshaji katika uwanja wa mbio, wapigie simu wenye uwanja uulize mambo mawili: soketi za padoki (eneo la kuegesha na kuhudumia pikipiki kando ya uwanja) ni za ampea ngapi, na je, kila soketi ina breka yake (swichi inayojikata umeme ukizidi) au zinagawana? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama utamaliza awamu zote za siku, yaani zamu zako za kuendesha, au utashinda alasiri kwenye kiti ukiwatazama wenzako wakipita. Wengi hukazania ukubwa wa betri. Betri kubwa ni neema, lakini siku nzima ya kozi hudai umeme mwingi kuliko pikipiki nyingi zinavyoweza kubeba kwa mara moja, kwa hiyo kinachokuvusha ni kilowati unazoingiza kati ya awamu na awamu.

Tupige hesabu. Chukua ratiba ya awamu 5 za dakika 20, moja kila saa, na mapumziko marefu ya mchana. Zile dakika 40 za katikati haziwi zote za kuchaji. Kurudi padoki, kuvua glavu, kuweka stendi na kuchomeka plagi kunakula dakika 5. Kuchomoa, kutazama matairi na kujipanga kwenye foleni kunakula nyingine 5. Hesabu dakika 30 tu, na mchana hesabu saa 1.

Sasa betri. Ikiwa kijitabu kinasema 15 kWh (kilowati-saa, kipimo cha umeme inaoubeba), mara nyingi hicho ni kiwango cha juu kabisa, na unachoweza kukitumia kinakaribia 13.5. Kwa makadirio ya kuanzia, mwendeshaji wa kiwango cha kati mpe 4.5 kWh kwa awamu. Mwenye kasi mpe 7. Awamu 5 za 4.5 zinadai 22.5 kWh. Toa 13.5 ulizokuja nazo, zinabaki 9. Ongeza akiba ya asilimia 20, yaani 2.7, kwa sababu chini ya hapo volti zinashuka na pikipiki nyingi huanza kujipunguzia nguvu. Unatakiwa kuingiza 11.7 kWh, na muda ulio nao ni saa 2 na nusu: vipindi 3 vya nusu saa pamoja na ile saa ya mchana. Hiyo ni 4.7 kW ndani ya betri. Chaja nayo hupoteza karibu asilimia 8 kama joto, kwa hiyo kwenye soketi unahitaji 5.1 kW.

Chaja ya 6 kW inakutosha na chenji inabaki. Ya 3 kW inakuangusha mchana kweupe: baada ya awamu ya 3 umebaki na 2.8 kWh, mapumziko yanakupandisha hadi 5.5, awamu ya 4 inakuacha na 1, na ya 5 huigusi. Ukiwa na chaja hiyo ndogo, chagua mapema awamu ya kuacha. Acha ya 3. Hapo chaja inapata zaidi ya saa 2 mfululizo kabla ya alasiri, na kwenye awamu 2 za mwisho, ambazo wakufunzi huzitumia kuunganisha mafunzo yote ya siku, utakuwa na umeme wa kutosha.

Sasa urudi kwenye soketi. Kwa volti 230, 6 kW ni ampea 26. Soketi ya ampea 16 hutoa 3.7 kW basi, hata kama chaja yako inaweza mara mbili yake. Plagi ya nyumbani ya ampea 13 isibebeshwe zaidi ya ampea 10 kwa saa nyingi, yaani 2.3 kW, ukiilazimisha, mguu wa plagi unapata moto, plastiki inageuka rangi ya kahawia, na mgusano unazidi kulegea na kuzidi kupata moto. Unachotafuta padokini ni soketi ya bluu ya ampea 32, yenye fezi moja, yaani njia moja ya umeme.

Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata mafundi umeme. Utaambiwa, "Tuna nguzo ya kuchajia ya 11 kW," na utafurahi. Hizo 11 kW ni fezi tatu za ampea 16 kila moja. Chaja ya ndani ya pikipiki yako ikiwa ya fezi moja, na nyingi ndivyo zilivyo, utapata 3.7 kW peke yake. Fezi mbili zilizobaki hazina pa kuingia. Nguzo ya 22 kW ndiyo itakayokupa ampea 32 kwenye fezi moja, yaani 7.4 kW. Uliza ampea kwa fezi, usiulize kilowati.

Mtego wa pili uko kwenye pikipiki zinazosifiwa kwa kuchaji haraka. Energica, kwa mfano, hupokea umeme wa DC (mkondo mnyoofu) kwa plagi ya CCS, ile ya vituo vya kuchaji haraka, na ikiwa karibu na kituo cha namna hiyo inajaa haraka. Lakini chaja yake ya ndani, ile ya AC (umeme wa soketi za kawaida), ni ya 3 kW. Uwanja ukiwa hauna kituo cha DC, pikipiki hiyo inarudi kwenye hesabu ile ile ya kuacha awamu. Zero SR/F yenyewe haina CCS, ila toleo lenye chaja ya 6 kW litaishinda hapo padokini bila jasho. Soma karatasi ya pikipiki yako kwenye mstari wa AC.

Waya wa ekstensheni unastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote utakachobeba. Waya wa mita 50 wenye unene wa 2.5 mm², ukipitisha ampea 16, hupoteza karibu volti 12, na wati 190 hivi zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Ukiwa umetandazwa kwenye nyasi, joto hilo linapotea hewani bila kusikika. Ukiwa bado umezungushwa kwenye gurudumu lake, ni kama pasi iliyofunikwa na blanketi: ganda linalainika, nyaya zinagusana, na breka inakata kama una bahati. Kunjua waya wote, kila mara, hata kama unahitaji mita 10 tu. Kwa ampea 32 chukua waya wa 6 mm², na usizidi mita 25. Baada ya dakika 10 za kuchaji, shika plagi zote mbili kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikikulazimu kuondoa mkono, punguza ampea mara moja.

Kupunguza ampea ni rahisi kama ulinunua kebo ya kuchajia yenye kitufe cha kuchagua 8, 10, 13 au 16. Kebo hiyo huiambia chaja ya pikipiki ivute kiasi gani, na chaja hutii. Nunua ya aina hiyo. Kebo isiyo na kitufe huvuta kiwango chake chote, na padokini jirani yako huwa amechomeka mablanketi ya kupasha matairi kwenye breka ile ile. Seti moja ya mablanketi hayo huweza kuvuta karibu 1 kW, na birika la chai 2 au zaidi. Breka ya ampea 16 haitavumilia hayo pamoja na pikipiki yako. Ubaya wake ni kwamba inakata wakati wewe uko darasani na mkufunzi, na unarudi kukuta asilimia ile ile uliyoiacha. Kwa hiyo fika mapema, fuata nyaya hadi kwenye sanduku la breka, chagua soketi isiyo na majirani, kisha ubandike karatasi juu yake: "Inachaji pikipiki, tafadhali usichomoe wala usiongeze kitu." Halafu ongea na jirani. Watu ni waelewa wakiambiwa kabla.

Uwanja ukiwa hauna soketi ya maana, jenereta hufaa, ila si kila jenereta. Tafuta ya inveta (inayotoa umeme uliotulia), na usome kiwango chake cha kufanya kazi mfululizo, kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni ya kilele cha muda mfupi. Kwa chaja ya 3 kW chukua jenereta ya 4 kW mfululizo. Kebo nyingi za kuchajia zitaikataa jenereta kwa taa nyekundu, na watu hudhani kebo imeharibika. Sababu ni kwamba kwenye jenereta nyingi ndogo nyutro (waya wa kurudisha umeme) haijaunganishwa na athi (waya wa usalama), na kebo inakagua athi kabla ya kuruhusu umeme kupita. Mwambie fundi umeme akutengenezee kiungo sahihi cha jenereta hiyo na mkajaribu nyumbani. Usizibe ukaguzi wa athi kwa ujanja wowote. Mvua ikinyesha padokini, huo ndio unaokulinda.

Joto sasa. Betri isiyo na kipoza maji hupata joto ikitoa umeme na hupata tena ikiingiza, na katikati haipoi kwa haraka unayoitarajia. Kwenye dashibodi joto linaweza kuendelea kupanda dakika kadhaa baada ya kuzima. Pikipiki nyingi hupunguza kasi ya kuchaji betri ikizidi nyuzi 45 hivi, na hupunguza nguvu ya mota ikikaribia 60. Ducati waliotengeneza V21L, pikipiki ya mashindano ya umeme ya MotoE, walilitatua hili kwa kipoza maji: betri yake ya 18 kWh iliweza kuanza kuchajiwa mara tu pikipiki inaporudi, na kufika asilimia 80 kwa dakika 45. Wewe huna hicho, lakini una kivuli na feni. Egesha kivulini, elekeza feni ya sakafuni yenye nguvu kwenye ubavu wa betri, na uchomeke papo hapo. Usisubiri ipoe. Chaja ya 6 kW kwenye betri ya 15 kWh haiongezi joto kubwa, na dakika 15 za kusubiri ni nusu ya umeme wa kipindi hicho.

Wala usihangaikie kujaza hadi 100 katikati ya siku. Juu ya asilimia 85 au 90 chaja hupunguza mkondo ili seli zilingane, na dakika zako zinapotea bure. Asubuhi tu ndipo uanze na 100, na hapo kuna onyo. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme unaorudishwa na mota unapoachia ekseleta, kwa hiyo mizunguko ya kwanza pikipiki haijishiki kama ulivyozoea. Inateleza kuingia kona kama imetolewa gia. Kisha, betri ikishuka kidogo, ule mvuto unarudi. Mwambie mkufunzi wako, na kwa mizunguko 2 au 3 ya kwanza tegemea breki za mkono na mguu peke yake. Au weka mvuto huo kwenye kiwango cha chini kabisa siku nzima ili pikipiki isibadilike tabia.

Ukiona hesabu inabana, punguza kasi ya njia nyoofu, usiguse kasi ya kona. Nguvu ya kupambana na hewa hukua kwa mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi): kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 180, hitaji hilo linapanda kwa asilimia 42. Lala juu ya tangi, funga ekseleta mapema kidogo, na kona zako, ambazo ndizo ulizozilipia kozi, zinabaki vile vile.

Bandika karatasi kwenye kisanduku cha vifaa uandike kila awamu: asilimia ya kutoka, asilimia ya kurudi, joto, dakika ulizochaji. Baada ya awamu 2 utakuwa na namba zako mwenyewe, na yale makadirio ya 4.5 uyatupe.

Pikipiki ikianguka, hata polepole, usiichomeke tena hadi kasha la betri na nyaya nene zikaguliwe. Iache nje, mbali na hema na magari. Machi 2019 moto uliteketeza pikipiki zote za MotoE katika uwanja wa Jerez, Hispania, wakati wa majaribio kabla ya msimu wa kwanza. Kilichowekwa mahali pamoja kiliungua pamoja. Na jioni, baada ya awamu ya mwisho, iache ipoe nusu saa kabla ya kuifunga kwenye gari la mizigo, kisha ukifika nyumbani ichaji hadi asilimia 60 tu ikiwa hutaiendesha wiki hiyo.