Picha Safi ya Shingo Haimaanishi Huumwi

Dada mmoja ameniandikia: kalsiamu yake iko juu, homoni ya parathairoidi (tezi ndogo za shingoni zinazoongoza kalsiamu ya damu) iko juu, mifupa inamuuma, lakini amerudishwa nyumbani kwa sababu altrasaundi haikuonyesha kitu. Uchungu umenirudia. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, mawe ya figo yakaendelea kunitesa huku nikihesabiwa mzima.

Dada yangu, ugonjwa huu wa tezi za parathairoidi kutoa homoni kupita kiasi hugunduliwa kwa damu. Mkojo nao upimwe kalsiamu, maana kuna hali ya kurithi inayofanana nao ambayo haitaki kisu. Picha huja baadaye, kumwonyesha mpasuaji aanzie wapi.

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni 4, kila moja ikiwa nzima ni kama punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya thairoidi, ile tezi kubwa ya mbele ya shingo. Mara nyingi ni moja tu inayoota uvimbe. Altrasaundi haina mionzi na mikononi mwa mzoefu huona mengi, ila hewa ya koromeo na mfupa wa kidari huizuia. Na tezi nyingine hukaa kifuani kabisa! Nahodha Charles Martell wa Marekani alipasuliwa mara 6 uvimbe usionekane. Mara ya 7, mwaka 1932, ukakutwa kifuani.

Mimi nilikataa kunyamaza, nikadai skani ya sestamibi. Unachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, unalazwa chali shingo imenyooshwa, mashine inashuka hadi karibu na kidevu. Picha ya kwanza thairoidi yote iling'aa. Baada ya saa 2 hivi nikapigwa nyingine: thairoidi imefifia, chini upande wa kushoto limebaki doa moja limekaza kung'aa. Seli za uvimbe hung'ang'ania dawa ile kuliko za thairoidi. Siti skani ya awamu kadhaa, yaani eksirei za kompyuta zinazopigwa kwa zamu baada ya kuchomwa rangi ya kung'arisha picha, ikathibitisha, kwa sababu uvimbe huu hunywa rangi hiyo upesi na kuitoa upesi. Ile rangi ikiingia mshipani unasikia joto kooni hadi kiunoni, usiogope, hupita.

Namshukuru Mungu, doa lile ndilo lililotolewa. Nikiwa bado mezani damu ilipimwa, na ndani ya dakika 10 homoni ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Najivunia kwamba sikukubali kufukuzwa.

Kwa hiyo nawe usikubali. Shika majibu yako ya damu mkononi. Skani moja ikinyamaza, uliza nyingine. Palipo na petskani ya kolini, skani nyingine ya dawa yenye mionzi, mara nyingi huona kile ambacho skani nyingine zimekikosa. Zikinyamaza zote, mpasuaji mzoefu bado anaweza kufungua shingo na kukagua tezi zote 4, basi mtafute huyo. Muulize wazi amefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka huu, na akikwepa swali, chukua picha zako uende kwa mwingine.